Droo Moja, Wenyewe Wanne

Programu ya hesabu ninayotumia dukani kwetu Wete ina kisanduku kidogo chini ya kila muamala. Tarehe, kiasi, aliyelipa na aliyelipwa ni lazima ujaze, la sivyo haikuachii uendelee. Kisanduku hicho cha chini si lazima. Unaweza kukiacha kitupu mwaka mzima na hesabu zikafunga vizuri tu. Ukitaka, unaandika humo lebo uliyoitunga mwenyewe, na mwisho wa mwezi unaiambia programu ikutolee miamala yenye lebo hiyo peke yake, mapato na matumizi, utadhani ni biashara nyingine.

Nimetunga lebo saba. DUKA ni mchele, unga, sukari, sabuni. FRIZA ni maji, barafu na juisi ya ukwaju ya kwenye vifuko. SHAMBA ni karafuu zetu za Mtambwe, ng'ambo ya hori. YATIMA ni mikarafuu ya watoto wa marehemu kaka yangu, iliyopakana na yetu kiasi kwamba mgeni hawezi kuona mpaka. WAKFU ni mikarafuu michache ambayo bibi mmoja wa ukoo wetu aliiwekea msikiti wa mtaani, na usimamizi wake ukabaki kwetu. NYUMBANI ni kila kinachotoka rafuni kwenda jikoni. Ya saba inaitwa HAIFAI, nayo nitaifikia. Fedha za lebo zote hizo zinapita katika droo moja ya mbao yenye kitasa kibovu, na katika simu moja.

Ami yangu ndiye walii wa mayatima hao, na kwa kadhi anatambulikana hivyo. Jioni moja ya msimu, wachumaji wameshalipwa pishi zao na kuondoka, aliniambia nifungue droo.

"Mwanangu, katika hizi, ya yatima ni ipi?"

Nikamgeuzia kompyuta. YATIMA, salio hili hapa.

"Sikuiuliza kompyuta, Mwanangu. Nauliza noti. Nioneshe noti ya yatima."

Noti zilikuwa pale, zimekunjana, nyingine zinanuka karafuu, na hakuna iliyojibu. Ami akataka tununue mikebe mitatu yenye mifuniko: mmoja wa watoto, mmoja wa msikiti, mmoja wetu. Watu wa fani yangu wangemcheka. Mimi naona aliuliza jambo ambalo chuo cha fedha cha Chwaka nilikosoma hakikuligusa hata siku moja: mali iliyotengwa kwa maandishi tu, mbele ya Mungu imetengwa?

Bibi yangu, mama yake ami huyu, hakuwa na shaka kuhusu jibu. Fedha yake aliifunga kwenye ncha za kanga. Ncha moja ilikuwa ya matumizi, ncha ya pili ya upatu wa wanawake wenzake, na alipopewa amana alivaa kanga ya pili ili asizichanganye. Akiombwa mkopo na fundo la matumizi liko tupu, alisema hana, ilhali ncha ya pili imevimba. Hakuwa anasema uongo. Fedha ile haikuwa yake, na fundo ndilo lililomkumbusha.

Masheikh wetu nao wanapenda kisa cha Khalifa Umar bin Abdul-Aziz na taa mbili: moja ya kufanyia kazi ya umma, nyingine yake mwenyewe, na mazungumzo yakihamia kwenye mambo ya nyumbani, taa ya umma inazimwa. Nimekisikia mimbarini mara nyingi na sikukichoka. Lakini khalifa alikuwa na taa mbili. Sisi tuna mita moja ya Tukuza, na umeme wake unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, ukiwasha friza, balbu ya duka, feni ya chumbani na kompyuta ninayoandikia salio la mayatima. Hakuna swichi ya kuzima sehemu ya msikiti.

Tena Wapemba si wageni wa fedha iliyochanganyika. Mwaka 1984 watafiti waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu, mwendo mfupi kutoka hapa, walifukua hazina ya sarafu ndogo ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, mali ya karne ya 10 na ya 11. Sarafu za fedha zimepigwa hapa hapa pwani na zina majina ya watawala, kama Ali bin al-Hasan, pamoja na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Kila kisarafu, chembamba kuliko ukucha, kinasema kilitolewa na nani. Hakuna kinachosema kilikuwa cha nani siku kilipofukiwa, wala kama humo ndani mlikuwa na mahari ya mtu au deni la mtu au amana ya baharia aliyekwenda na pepo za kusi na hakurudi. Jina la mtawala limebaki miaka elfu moja. La mwenye mali halikuandikwa popote.

Nilimwambia ami kwamba swali lake si geni, na yeye analijua kuliko mimi maana ndiye aliyenisomesha. Sura ya An-Nisaa iliposhuka na onyo lake kali kwa wanaokula mali ya yatima, Ibn Abbas amepokewa akisimulia kwamba watu waliokuwa wakilea mayatima walishikwa na hofu. Wakatenga chakula cha yatima na chao, kinywaji chake na chao. Chakula cha mtoto kikibaki, kinawekwa mpaka aje akile, la sivyo kinaharibika. Mambo yakawa mazito, wakaenda kumuuliza Mtume. Ndipo ikashuka aya ya 220 ya Al-Baqara, ikawaruhusu kuchanganya, ikawakumbusha kuwa mayatima hao ni ndugu zao, na ikawaonya kwamba Mungu anamtambua mharibifu na mtengenezaji hata kama macho ya watu hayawatofautishi.

Mimi naiona mikebe ya ami katika kisa hicho. Wale watu walifanya haki kwa ukamilifu, chungu hiki na chungu kile, na matokeo yake chakula cha yatima kikaoza. Sisi tungefanya mikebe, mkebe wa mayatima ungekaa na fedha zake kutoka msimu hadi msimu ukipungua kwa zaka, kwa sababu katika madhehebu yetu ya Shafi'i mali ya mtoto inatolewa zaka sawa na ya mtu mzima. Ndiyo maana imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab alihimiza mali ya mayatima ifanyiwe biashara, zaka isije ikaimaliza. Biashara haifanyiki mkebeni. Lazima fedha itoke, ikutane na nyingine, inunue unga, irudi. Aya inaruhusu chungu kimoja. Kinachobaki ni nani atakumbuka, baada ya chungu kuchemka, kwamba kibaba kimoja kilikuwa cha mtoto.

Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana mlango mzima katika Ihyaa juu ya mali iliyochanganyika. Kwa vitu vinavyofanana, kama nafaka na sarafu, mtu akijua kiasi kisicho chake, hutenga kiasi hicho. Hatakiwi kuitafuta dirhamu ile ile kwa alama zake. Ami aliposikia Ghazali akatulia kidogo. Noti ya yatima haipo, na haikutakiwa iwepo. Kilichopo ni kiasi, na kiasi kinaishi kwenye maandishi.

Basi ningeweza kuishia hapo, nimeshinda. Lakini tukishakubali kwamba maandishi ndiyo yanayotenga, mzigo wote unahamia kwa mwandishi, na hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa fani wanaofundisha lebo hizi kama jambo la wepesi wa kazi.

Kwanza ni wakati wa kuandika. Wengi huacha kisanduku kitupu, halafu mwisho wa mwezi, chai pembeni, wanapita mstari kwa mstari wakigawa lebo. Programu haijali, ripoti itatoka nzuri vile vile. Fiqhi inajali. Katika zaka ya biashara, wanachuoni wa Shafi'i, na Imam Nawawi katika Minhaj miongoni mwao, wanasema bidhaa inakuwa ya biashara ikiwa nia ya biashara imeambatana na tendo la kuipata kwa kubadilishana, kama kununua. Ukiinunua kwa matumizi yako na baadaye ukaja na wazo la kuiuza, wazo peke yake haliigeuzi. Ukiirithi, hata ukinuia biashara saa hiyo hiyo, si ya biashara mpaka uiuze na fedha yake ununulie kitu kwa nia hiyo. Kwa maneno mengine, lebo inabandikwa pale pale mlangoni mali inapoingia. Ikichelewa, haishiki.

Kwa mtu wa Pemba hili si nadharia. Karafuu zetu za Mtambwe ni za mikarafuu ya kurithi. Kwa Shafi'i, zaka ya mazao iko kwenye chakula kikuu kinachowekeka, kama mpunga na mtama, pamoja na tende na zabibu, karafuu haimo. Na kwa kuwa ni za kurithi, si bidhaa ya biashara. Zaka inaanza kuhesabiwa pale ZSTC, shirika la biashara la serikali ambalo kisheria ndilo mnunuzi pekee wa karafuu Zanzibar, linapotulipa na fedha ile ikakaa mwaka wa Hijria ikiwa imefika nisabu. Abu Hanifa angetuambia kitu kingine kabisa: kila kinachooteshwa na ardhi kina haki ndani yake, sehemu moja ya kumi kama kinanyweshwa na mvua, na Pemba mvua haitunyimi. Sisi tunafuata Shafi'i na tunaongeza sadaka, kwa sababu ami anaona haya kumpita maskini na gunia la karafuu begani huku akitaja kitabu. Mimi pia. Lakini ona jinsi lebo SHAMBA na lebo DUKA zilivyo na hukumu mbili tofauti, ilhali mwisho wa siku noti zimelala pamoja.

Kutoka ni rahisi kuliko kuingia. Gunia la mchele lililonunuliwa kwa biashara, ukinuia tu kuwa ni la kula nyumbani, limeshatoka kwenye biashara. Nia peke yake inatosha. Nadhani huruma ya sheria iko hapo, na mlango wa shetani uko hapo hapo. Siku ya kukadiria mali ya duka ikikaribia, utashangaa familia inavyopenda wali. Ndiyo maana lebo NYUMBANI kwetu ina sharti: kitu kikitoka rafuni kinaandikwa kabla hakijavuka mlango wa ua, na anayekichukua anataja mwenyewe. Wifi yangu alikasirika mwanzoni. Alisema anaandikiwa chumvi.

La pili ni pale ukweli wenyewe usipogawanyika. Njoo nikuonyeshe jamvi letu usiku wa msimu. Karafuu mbichi zimemwagwa, za kwetu huku, za mayatima kule, na akina mama na watoto wa jirani wamekaa wanachambua, vidole vimeiva rangi, redio inaongea peke yake. Karafuu zinakwenda upande mmoja, makonyo yanarushwa nyuma. Kesho karafuu zitaanikwa kwenye majamvi tofauti, hilo tunalisimamia vizuri. Zitakauka mpaka zipoteze karibu theluthi mbili ya uzito, na kila moja itapimwa kwa jina lake. Makonyo yote yamo kwenye polo moja. Na makonyo nayo ni mali, yanakamuliwa mafuta kiwandani Chake Chake. Konyo hili limetoka kwenye tawi la nani?

Ninayagawa kwa uwiano wa pishi zilizochumwa, na hiyo ni bahati yetu kuwa pishi zilihesabiwa. Umeme ni mgumu zaidi. Juisi ya ukwaju ilianzishwa kwa fedha za mayatima, faida inagawanywa kwa makubaliano yaliyoandikwa. Kwenye umeme wa mwezi, friza imekula kiasi gani? Nimesoma kibandiko cha wati nyuma ya friza, nimekadiria masaa, nimepata namba. Namba hiyo ni dhana iliyovaa suti. Programu inaipokea kwa heshima ile ile inayompa muuza unga mwenye risiti.

Hapa kanuni yetu ni moja na ami ndiye aliyeitoa: penye shaka, gharama ibebwe na DUKA na pato liende kwa YATIMA. Mhasibu wa mjini atasema tunaharibu picha ya faida. Ni kweli, duka letu kwenye ripoti linaonekana zembe kuliko lilivyo. Na mimi nasema ripoti hiyo haikuandikwa kumfurahisha mwenye duka.

Hapo ndipo hasa ninapotaka kufika. Kanuni ya kimataifa ya kuripoti kwa vitengo, IFRS 8, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009, inazihusu kampuni ambazo hisa au hati zao za madeni zinauzwa sokoni. Duka la Wete halimo. Lakini mtazamo wake umeenea hadi kwenye programu za bei nafuu tunazotumia sisi. Inataka vitengo vioneshwe kwa jicho la mkubwa anayeamua mambo ndani ya kampuni: anavyoigawa yeye biashara yake, ndivyo ripoti igawanywe. Ni busara kwa mwekezaji anayetaka kujua meneja anaona nini. Kwa amana ni kinyume. Mgawanyo hauanzi kwa anayeamua, unaanza kwa anayedai, na hasa kwa yule asiyeweza kuja kudai: mtoto aliyelala, msikiti usio na mdomo, fakiri ambaye hata hajui kuwa ana fungu kwenye droo yangu. Lebo YATIMA haiko pale ili nijue faida iko wapi. Iko pale ili siku nitakapotaka kusahau, nishindwe.

Kwa sababu hiyo sina lebo ya MENGINEYO. Kila mhasibu anaijua, ndiyo lebo inayopendwa kuliko zote, na ukikagua vitabu vya watu anza nayo. Mtu akiniletea matumizi yasiyo na mwenyewe, nayarudisha kwake mpaka yapate mwenyewe, au yanaingia DUKA na sisi tunayalipa.

HAIFAI ni ya yale magawio madogo yanayoingia kwenye simu bila kuombwa, asili yake riba ya fedha za wateja zilizokaa benki. Yanaingia, yanapata lebo, yanatoka kwenda kutengeneza choo cha umma au kitu cha namna hiyo, bila kuhesabiwa sadaka. Fedha yenyewe ni kidogo mno. Lakini bila lebo ingeshanunua sukari zamani, na nisingejua ni kilo ipi.

Kuna wanaosema yote haya ni wasiwasi, na kwamba Mungu anahukumu moyo, si kisanduku. Nakubali kuhusu moyo. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni: aandike nani, aandike vipi, kidogo kiandikwe na kikubwa kiandikwe, mashahidi wawepo, mwandishi asidhuriwe. Kama moyo ungetosha, aya hiyo ingekuwa fupi.

Ami hakununua mikebe. Alitoa sharti jingine, nami nikaona ni la haki: kila mwisho wa mwezi salio la YATIMA lisilozungushwa kwenye biashara linatolewa kwenye droo na kupelekwa kwenye akaunti yao isiyo na riba katika tawi la PBZ, na la WAKFU linakabidhiwa kamati ya msikiti kwa saini. Maandishi yanatangulia, noti zinafuata.

Ndani ya YATIMA nimegawa tena. Kaka aliacha mke, wavulana wawili na msichana mmoja. Wazazi wetu walikuwa wametangulia. Thumni ni ya mjane, kilichobaki ni mafungu matano kwa watoto, hivyo kila shilingi inagawanywa kwa arubaini: tano za mama, kumi na nne za kila mvulana, saba za msichana. Mkubwa wao amebaleghe, na ami amekuwa akimpa vijibiashara vya kumjaribu, leo katoni ya sabuni, kesho nusu gunia la sukari, kuona kama ana akili ya mali. Anayo. Ripoti yake tangu siku ya mirathi imeshachapwa, kurasa zote, na sheha na imamu wameombwa waje kushuhudia makabidhiano baada ya msimu huu kwisha.